Maksai Mpya Hajaribiwi Zizini

Peleka laptopu iliyozubaa kwa fundi, na kabla hamjamaliza kujuliana hali atakuuliza, "Tupige window?" Ukikubali utalipa hela yako, utaondoka na kompyuta iliyofutwa kila kitu, ndani yake Windows iliyofunguliwa kwa ufunguo wa kuiba. Miezi michache baadaye skrini inageuka nyeusi, na pembeni panatokea maandishi kwamba nakala hiyo si halali. Unarudi kwa fundi. "Tupige window?" Nimeiona kompyuta moja hapa Nkololo ikipigwa window mara nne ndani ya msimu mmoja wa pamba, tangu mbegu zinaingia ardhini Novemba hadi mizani inafunguliwa kwenye ushirika wa AMCOS, na mara zote nne mwenyewe hakuulizwa kama angependa kuwekewa kitu kingine.

Kitu kingine kipo. Ni cha bure, ni halali, na kwenye mashine kuukuu kinakimbia kuliko hiyo window ya wizi. Kinaitwa Linux. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu wa Nkololo mwenye laptopu ya mtumba, bando la kubana, na hofu ya kuharibu. Nitafundisha kama wazee wanavyofundisha kununua maksai wa kulimia, kwa sababu kila niliyemweleza kwa njia hiyo alielewa kabla chai haijapoa.

Anza kwa kujua unanunua nini. Kompyuta ni plau: chuma, bolti, na ubapa unaokata udongo. Plau haijikokoti. Kinachoikokota ni mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayoamka kwanza ukibonyeza kitufe, ikaziamrisha kibodi, skrini na diski, ndipo programu nyingine zikapata pa kusimama. Watu wengi wanadhani Windows imeundwa pamoja na kompyuta, kama kibodi ilivyofungwa kwa skrubu. Sivyo. Windows ni maksai mmoja tu, amefungwa kwenye nira na aliyeuza plau. Nira inafunguka. Na wewe unayesema hujawahi kumwona maksai mwingine, toa simu mfukoni: kama ni ya Android, kiini chake ni Linux. Umekuwa ukilima naye miaka yote hii.

Maksai huyu ana asili yake, na mnunuzi makini huuliza asili. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo endeshi ambao yeyote anaweza kuutumia, kuuchungulia ndani, kuurekebisha na kumgawia mwenzake. Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Ufini, akatangaza kiini alichokuwa akikiandika. Mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GNU. Viwili hivyo vikaungana, na hadi leo maelfu ya watu duniani huongeza kazi yao humo.

Hiyo leseni ndiyo inayowashangaza watu kuliko yote. "Bure? Basi kuna mtego." Jibu langu ni ngitili. Msukuma anajua ngitili bila kufundishwa: eneo la malisho linafungwa wakati wa mvua, nyasi zikue, ili kiangazi kikibana mifugo ipate pa kulisha. Kuna ngitili za kaya na kuna ngitili za kijiji, na ile ya kijiji ina sheria: lini tunaingia, nani anaingia, na adhabu ya anayevunja. Ni bure kwa wanakijiji, lakini si ya kuchezea. Linux nayo ni ngitili ya kijiji. Unaruhusiwa kulisha, unaruhusiwa kukata nyasi ukawapelekea jirani, unaruhusiwa hata kupanda mbegu bora zaidi. Usichoruhusiwa ni kukizungushia uzio wako ulichokikuta humo, halafu ukawagawia watu nyasi hizo huku ukiwanyima haki zilezile ulizopewa wewe. Hakuna mtego mwingine. Ndiyo maana huwa naumia ninapoona kijana anaiba window huku ngitili iko wazi, na yeye ni mwanakijiji halali.

Sasa twende mnadani. Mzee anayejua ng'ombe haanzi na rangi. Anafungua mdomo kutazama meno, anamtembeza, anakagua kwato. Meno ya kompyuta yako ni vitu vitatu. Ukiwa ndani ya Windows bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha soma. Angalia RAM: ukikuta gigabaiti 4 una nafasi nzuri, ukikuta 2 utakwenda lakini polepole. Angalia kama prosesa ni ya biti 64. Karibu kila laptopu ya miaka kumi na mitano hii ni hivyo. Angalia diski ina nafasi gani. Nikisema kwa dhati, kama una hela ya kitu kimoja tu mwaka huu, badilisha ile diski ya sahani inayozunguka uweke SSD, hata ndogo. Hakuna kinachoifufua mashine ya zamani kama hicho, uwe umeweka Linux au Windows.

Na kama unajiambia kwamba huna haja ya kuhangaika kwa sababu Windows 10 yako bado inawaka, fahamu kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma yake ya kawaida. Mashimo mapya ya usalama yakigunduliwa, hayazibwi tena bila mpango wa ziada. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni, na laptopu nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018, ambazo ndizo tunazouziwa huku, haikubali kukaa ndani yake. Mashine ni nzima, kibodi nzima, betri inavumilia saa mbili, halafu inaitwa taka. Linux inaipokea.

Hapa ndipo wanaoanza hupotea, kwenye uchaguzi. Linux haiko moja. Kuna mamia ya matoleo, kila moja na jina lake, rangi yake na watu wake. Na watu wake ni kama Bagika na Bagalu. Anayejua ngoma za Wasukuma anajua vikundi hivyo viwili: kila upande una dawa zake, nyimbo zake, na baada ya mavuno wanapambana uwanjani, umati ukikimbilia kwa yule anayecheza vizuri zaidi. Hadi leo ukienda Bujora, karibu na Mwanza, wakati wa sherehe za Bulabo, utaona watu wazima wakivutana kwa ajili ya ngoma waliyoirithi kwa babu. Wapenzi wa Linux ni hivyohivyo. Mmoja atakuapia kwamba Fedora ndiyo, mwingine Arch, wa tatu atakuambia hujawa mtu mpaka uijenge yote mwenyewe kwa mkono. Wote wanasema kweli kwa upande wao, na ubishi wao umeifanya Linux iwe bora. Lakini msimu wako wa kwanza usiingie uwanjani. Kaa pembeni, ulime.

Katika kuchagua, uliza swali moja tu: nani karibu nami anaitumia? Maksai bora kwa anayeanza ni yule ambaye jirani anamfahamu jina lake, anajua anavyokasirika na anavyotulizwa. Kama mwalimu wa kompyuta wa sekondari anatumia Ubuntu, chukua Ubuntu. Kama binamu yako aliyeko Mwanza anatumia Debian na anapokea simu yako usiku, chukua Debian. Ukikosa mtu kabisa, chukua Linux Mint, toleo lake jepesi linaloitwa Xfce. Menyu iko chini kushoto, saa iko kulia, mafaili yanafunguka kwa kubofya mara mbili; mtu aliyezoea Windows anakaa na kuanza kazi.

Ukichukua yoyote kati ya hizo tatu umebaki kwenye ukoo mmoja. Debian ni babu, amezaliwa 1993. Ubuntu ni baba, amezaliwa Oktoba 2004, na aliyemwanzisha ni Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth. Jina lenyewe halihitaji mkalimani huku kwetu. Anayesema munhu na banhu tangu utotoni analisikia neno ubuntu na kujua kwamba linahusu utu. Toleo lake la kwanza lilipewa jina la ngiri, na ngiri tunaye hapo Serengeti, mbuga iliyo jirani yetu. Mint ni mjukuu, wa mwaka 2006. Dawa inayomponya babu au baba mara nyingi humponya mjukuu, kwa hiyo maelekezo ya Ubuntu yatakufaa pia kwenye Mint. Kwa mashine kongwe kweli, zile za biti 32, Debian 12 ya mwaka 2023 bado inazipokea.

Kuipata kunahitaji bando. Faili la Mint lina karibu gigabaiti 3, na mchana huku mtandao unachechemea. Pakua usiku, bando la usiku likiwa rahisi na watu wamelala. Lakini kabla hujatumia hata shilingi, uliza kama kuna mtu tayari analo kwenye flashi. Kunakili hapa si wizi. Ni ruhusa iliyoandikwa. Zamani Ubuntu walikuwa wakiwatumia watu CD kwa posta bila malipo, hadi walipoacha mwaka 2011. Leo kazi hiyo tunaifanya wenyewe, flashi kwa flashi.

Faili likishafika, lipime. Mkulima wa pamba hakubali kilo za mdomo. Anasimama kwenye mizani na macho yake. Faili la Linux nalo lina uzito wake ulioandikwa, mfululizo mrefu wa tarakimu na herufi unaoitwa SHA256, unaotolewa na watengenezaji. Kwenye Windows fungua kidirisha cha amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Ukitokea mfululizo uleule, mzigo umefika salama. Ikitofautiana hata herufi moja, mtandao umekula kitu njiani, au mtu ameuchezea mzigo. Futa, pakua tena. Watu huiruka hatua hii kisha wanaisingizia Linux kwamba imekwama katikati.

Chukua flashi ya gigabaiti 8. Hamisha picha za harusi zilizomo, kwa sababu kila kitu ndani yake kitafutika. Kwa programu ndogo iitwayo Rufus, andika faili lile kwenye flashi. Kulikopi kama wimbo hakutoshi, halitaamka. Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukigonga F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi, au Esc kisha F9 kwenye HP. Chagua flashi. Subiri.

Kitakachotokea ndicho sababu ya kichwa cha mwongozo huu. Mfumo mzima utaamka kutoka kwenye flashi, bila kugusa chochote kwenye diski yako. Windows yako imelala salama zizini, na wewe uko shambani na maksai mpya. Mlimishe. Unganisha waifai. Cheza wimbo usikie sauti. Fungua kamera. Funika laptopu ilale, ifunue uone kama inaamka. Chomeka printa ya jirani. Andika barua. Kaa naye siku tatu, na ukumbuke kwamba kwenye flashi anatembea polepole kuliko atakavyotembea akishahamia kwenye diski. Asipokufaa, zima, chomoa flashi, washa. Windows iko palepale ulipoiacha. Ni nani mnadani atakayekupa maksai ukalime naye siku tatu, kisha akampokea bila neno?

Kikwazo kinachowatoa wengi ni waifai. Zipo chipu ambazo Linux haizitambui hadi iwekewe programu ya ziada, na programu hiyo iko kwenye intaneti, ambayo huna kwa sababu waifai haifanyi kazi. Usikate tamaa hapo. Chomeka simu yako kwa waya wa kuchajia, washa kwenye simu ile sehemu ya kugawa intaneti kwa USB, na kompyuta itapata mtandao papo hapo. Kisha fungua sehemu ya kusimamia draiva, iache itafute, kubali inachopendekeza. Dakika kumi. Nimewaona vijana wawili wakirudi kupiga window kwa kukosa maneno haya machache, na ndiyo maana nimeyaandika.

Umeridhika? Usimchinje wa zamani. Wazee wakimfundisha maksai mchanga humfunga nira moja na aliyekomaa, mchanga ajifunze kwa kuvutwa. Kompyuta nayo inabeba mifumo miwili: ukiiwasha inakuuliza leo tunalima na nani. Kwanza nakili kila kitu chako cha maana kwenye diski ya nje, kisha nakili tena kwingine. Hili silisemi kwa kupamba. Ukiwa ndani ya Windows, punguza nafasi yake kwa kifaa chake chenyewe cha kugawa diski, uache angalau gigabaiti 40 wazi. Zima ile hali ya kuwaka haraka, kwani inaiacha diski nusu imefungwa na Linux haitaweza kuandika humo. Chaji betri hadi ijae; kama betri imekufa, usianze kusakinisha siku yenye mawingu ya radi, maana umeme ukikatika katikati ya kugawa diski utapoteza vyote viwili. Halafu chagua kusakinisha pembeni ya Windows, soma kila ukurasa kabla ya kubofya, na kazi itakwisha ndani ya nusu saa hivi.

Baada ya hapo utakutana na ntemi. Kwenye Linux mwenye mamlaka yote ni mmoja, na wewe wa kila siku si yeye, hata kama kompyuta ni yako. Ukitaka kubadilisha jambo zito unatanguliza neno sudo, yaani kwa amri ya ntemi, kisha unaandika nywila. Amri mbili zitakutosha kwa mwezi wa kwanza: sudo apt update, inayouliza kama kuna jipya, na sudo apt upgrade, inayolileta. Usinakili amri ya sudo uliyoitoa mahali usipopajua, wala usimtume ntemi kazi usiyoielewa. Atakutii, na atabomoa.

Faida ya kwanza utaiona kwenye flashi. Kila mwenye kuchapisha kazi kwenye steshenari anavijua virusi vya shotikati: unachomeka flashi yako, na mafolda yote yamegeuka vishale vidogo vya kilobaiti moja, kazi ya muhula mzima haionekani. Virusi havijaifuta kazi hiyo. Vimeificha tu kwa alama ya Windows. Linux haisomi alama hiyo. Mama mmoja wa kikundi cha akiba cha VICOBA aliniletea flashi ya namna hiyo, akiwa na hisa za wanachama humo na mkutano jioni. Nilichomeka, na mafolda yake yote yakaonekana, pembeni ya vile vishale visivyo na kazi yoyote kwenye Linux. Nikavifuta. Hakusema kitu, alishusha pumzi tu, akaanza kufungua mafolda moja baada ya jingine kuhakikisha.

Kazi za ofisi utazifanya kwa LibreOffice, ambayo huja pamoja na Mint. Inafungua mafaili ya Word na Excel. Walimu watapambana nayo mahali pamoja: mtihani ulioandikwa kwa Times New Roman au Calibri utasogea mistari kama herufi hizo hazipo. Zipo mbadala zenye upana uleule, Liberation Serif kwa ya kwanza na Carlito kwa ya pili, na kurasa zitakaa mahali pake. Ukienda kuchapisha kwenye steshenari peleka PDF, usipeleke faili la kuhariri, PDF haisogei.

Na kuna la Kiswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya Uswidi ya IT+46 katika mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi ikiwa kwa Kiswahili. Waliweza kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Hawakumwomba mtu ruhusa wala kusubiri soko letu lionekane lina faida. Watu walikaa wakabishana neno gani litumike kwa kila kitufe. LibreOffice ya leo, iliyozaliwa 2010 kutoka OpenOffice hiyohiyo, bado inaweza kuwekwa kwa Kiswahili, na ina kikagua tahajia cha Kiswahili. Kwenye Mint andika sudo apt install hunspell-sw, fungua LibreOffice upya, kisha chagua lugha ya waraka iwe Kiswahili.

Jirani yangu ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi. Kwa miaka yote aliyoandika mitihani kwenye kompyuta, kila neno lake lilipigiwa mstari mwekundu chini, ukurasa mzima ukiwa kama daftari la mtoto aliyefeli, kwa sababu mashine ilikuwa inamsahihisha kwa Kiingereza. Jioni tulipomaliza kusakinisha alifungua mtihani wa muhula, darasa la sita, kurasa nne. Nikambadilishia lugha. Mistari ikatoweka kuanzia juu kushuka chini. Ikabaki miwili. Mmoja ulikuwa kosa la kweli, aliandika "mwanafuzi". Akarekebisha kimya kimya. Wa pili ulikuwa kwenye kichwa cha mtihani, chini ya neno Nkololo. Alilitazama kidogo, akasogeza mshale, akabofya kulia, akachagua kuliongeza kwenye kamusi.